Annastella na Mchango wa Senene

Ukitaka kadi ya harusi pale Kashai, hutafuti duka, unamtafuta mtu. Utaelekezwa steshenari ya Mzee Riyadhi, utaipita mashine ya fotokopi inayokohoa, na nyuma ya kompyuta utamkuta Annastella Rugemalira, mwembamba, vidole vimejaa wino. Huyo amewaoza watu wengi wa Bukoba, kwa karatasi, kuliko padri na shehe wakiunganisha nguvu. Yeye mwenyewe ana miaka thelathini na minne na hajaolewa, na kama una hamu ya kugombana na mtu mpole, muulize kwa nini.

Mambo yake yalianza na wivu. Msimu wa senene, wale panzi watamu wanaotegwa usiku kwa taa, jirani yake alipandisha taa kubwa juu ya mabati, na senene wote waliokuwa wakiruka Kashai wakamwendea huyo bwana. Annastella na kijitaa chake akabaki na ndoo tupu na kinyongo kizima. Kesho yake mchana umeme ukakatika kama ada yake, kazi ikasimama, naye akachukua mabaki ya karatasi za manila akaanza kukata senene: wa kijani, wa kahawia, na mmoja wa zambarau kwa sababu mkasi ulikuwa umeshanoga. Akachora vilima. Akachora taa, mapipa na mabati. Umeme uliporudi alikuwa hausikii hata ukimwita.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mchezaji ana kilima chake, taa yake na pipa lake. Unafunua kadi: upepo umetoka ziwani, senene wanasogea kwako, mvua imenyesha, hawaruki, jirani amewasha taa kubwa kuliko yako, wanahama. Na ipo kadi moja nyeusi tii, ambayo Annastella aliichora kwa raha ya mtu anayelipa kisasi: umeme umekatika. Ukiifunua hiyo taa yako inazimika, na jirani zako wanagawana senene wako huku unatazama. Wa kwanza kujaza pipa ndiye mshindi.

Mtu wa kwanza kuucheza alikuwa Mzee Riyadhi mwenyewe. Huyu ni mzee mfupi wa Nshambya ambaye babu yake alitoka pwani, na tangu amwajiri Annastella hakuwahi kumpa sifa iliyozidi "si vibaya". Alikaa kucheza ili amridhishe tu.

"Mzee, kuna mteja," Annastella akamwambia baada ya muda.

"Angoje," alijibu bila kuinua macho. "Zamu yangu hii."

Kisha mchezo ukavuka barabara. Damian, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda kinachotazamana na duka, aliingia kutoa kopi ya leseni akatoka na mchezo kwapani. Madereva wakachonga kete za kuweka vilimani kwa vizibo vya soda. Wiki ile Kashai ilishuhudia jambo la ajabu, abiria wakiwabembeleza madereva. Mama mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda sokoni aliketi "kidogo tu" kuangalia, na sokoni hakufika.

Hapo ndipo Annastella alipoingiwa na kichaa, na tukiite kwa jina lake. Alitaka boksi. Boksi gumu lenye kifuniko kinachopumua ukikibonyeza, ubao unaokunjika katikati, na ubavuni jina lake limeandikwa. Miaka yote alikuwa amechapa majina ya watu wengine kwa rangi ya dhahabu.

Mchapaji wa Mwanza alimjibu kwamba maboksi anatengeneza, ila kwa oda kubwa, si moja la kujifurahisha. Mshahara wa steshenari haukufika huko hata kwa kurefushwa. Akasoma mtandaoni kwamba wabunifu wa michezo wa nchi za nje huwaomba watu wachangie kabla mchezo haujachapwa. Kiasi kikitimia ifikapo siku iliyotajwa, mchezo unachapwa na kila mchangiaji anapata boksi lake. Kisipotimia, kila mtu anarudishiwa chake, na mbunifu anajifungia chumbani kulia. Alijaribu kujiandikisha. Tovuti ikamwambia achague nchi yake, akashuka kwenye orodha hadi mwisho, akapanda, akashuka tena. Tanzania haikuwamo.

"Unahangaika na Wazungu wa nini?" Mzee Riyadhi akamuuliza. "Wewe mchana kutwa umekalia michango. Nchi hii mtu anaweza kukosa sukari, lakini mchango wa harusi atatoa. Watengenezee kadi."

Annastella almanusura ambusu kipara. Akafungua kadi yake ya siku zote kwenye kompyuta, ile aliyokwisha kuitumia mpaka macho yake hayaioni tena. Maua yakabaki pembeni, mkanda wa dhahabu ukabaki, na juu, kwa maandishi makubwa yenye mikia, ukabaki mwanzo wake: familia ya marehemu Mzee Rugemalira inakuomba mchango wako ili kufanikisha shughuli ya binti yao mpendwa, Annastella. Chini akafuta habari za kanisa na ukumbi, akajaza maelezo yake yote, mchezo, boksi, siku ya mwisho, ahadi ya kurudishiwa. Yalikuwa mengi, ikabidi ayapunguze herufi mpaka yakawa kama mchanga. Akaisoma upya kutafuta makosa. Hakukuwa na herufi hata moja iliyokosewa.

Akairusha kwenye makundi yote ya simu, ya ukoo, ya shule, ya kwaya. Na kwa kuwa mama yake, Kokuberwa, mjane anayeishi Kamachumu kule Muleba, hana simu ya kuonyesha picha, alimchapia kadi za karatasi akampa Damian, ambaye Jumapili alikuwa anakwenda kwao Muleba.

"Mpe mama tu, awagawie na wengine," alimwagiza. "Karatasi inajieleza."

Damian aliondoka na koti lake la kanisani. Aliporudi alikuwa anang'aa.

"Dada Annastella, kwenu kuna watu!" akasema. "Nimechinjiwa kuku. Mzima! Baba yako mkubwa, Mzee Kahangwa, amenikaribisha pombe ya ndizi, lubisi yenyewe, ameniuliza ukoo wangu, ameniuliza kama baba yangu yu hai, ameniuliza kama nina kibanja cha migomba."

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu kweli tupu. Mtu akikuchinjia kuku, unamfichaje?"

Annastella akafurahi kuona watu wa kwao wanavyopenda michezo. Maana michango ilikuwa imeanza kuingia, na ilivyoingia haijapata kutokea. Simu ililia yuko kazini, ikalia anapika, ikalia yuko kanisani mpaka katekista akamtazama. Walichanga watu aliosoma nao, walichanga shangazi ambao alidhani wamemsahau, alichanga hata yule jirani wa taa kubwa. Na maneno yao! Hongera mwanetu, hatimaye. Tumesali sana juu yako. Mungu hachelewi wala hawahi. Annastella aliyasoma huku machozi yakimlengalenga. Hakujua kumbe kuna watu wamekaa miaka yote hiyo wakiusubiri mchezo wa ubao kwa maombi.

Kiasi kilitimia kabla ya siku yake. Alipiga kelele, akaizunguka mashine ya fotokopi akicheza, akamnyanyua Mzee Riyadhi juu kabisa, naye akiwa huko juu akaomba kwa heshima ashushwe. Bodaboda wa kijiweni walipiga honi bila kujua wanashangilia nini. Iliyobaki ilikuwa kumtumia mchapaji fedha, na alikuwa ameshika simu mkononi kwa kazi hiyo hiyo ilipoita. Alikuwa mama yake, kwa simu ya jirani.

"Mwana wange," alisema Kokuberwa, mwanamke ambaye kwa kawaida maneno huyatoa kama anauziwa. "Nyumba nimeipaka chokaa. Baba yako mkubwa ameita ukoo Jumamosi. Nataka kujua, akina Damian watakuja na watu wangapi?"

"Akina Damian wa nini, Mawe?" Annastella akauliza, akimwita mama kwa Kihaya.

"Si wa kujitambulisha?"

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Annastella aliifungua ile kadi akaitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyefanya kazi steshenari. Aliyaona maua. Aliuona mkanda wa dhahabu. Aliona kwamba simu inaonyesha nusu ya juu tu mpaka mtu aiguse, na kwamba mama yake, ambaye sindano tu humwomba mtoto amtungie uzi, asingeweza kuisoma nusu ya chini hata juani. Alikuwa amejiandalia harusi, akawachangisha ndugu zake, na mume kampeleka mwenyewe kwa pikipiki. Akasema atakuja, akakata simu, akakaa chini ya meza.

"Kwa hiyo yule kuku..." alisema Damian alipoitwa.

"Alikuwa wa mkwe."

Damian alitafuta pa kukaa. "Nilimla mpaka shingo," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Riyadhi alivua miwani akaifuta. "Chapa kwanza," akamshauri. "Maboksi yakishatoka utawaeleza. Ukieleza leo, kila mtu atataka chake, na kadi yako mwenyewe imesema kisipotimia kinarudi. Utabaki na vizibo vyako."

Ilikuwa kweli. Fedha zilikuwa kwenye simu, mchapaji alikuwa anangoja, na boksi lilikuwa umbali wa kubonyeza tu. Annastella aliliona jina lake pale ubavuni. Halafu akamwona mama yake juu ya kigoda, na umri ule, akipaka ukuta chokaa.

"Hapana, Mzee," akasema. "Jina langu sitaki lianzie hapo."

"Si vibaya," akasema Mzee Riyadhi.

Jumamosi Damian alimpakia mwenyewe. Alisema amekula, kwa hiyo atasimama naye, na kwamba mtu mzima hakimbii mifupa. Walipokata kona ya kwenda kwa Kokuberwa, Annastella alitamani barabara iongezeke. Nyumba ilikuwa nyeupe. Uwanja, ambao tangu baba yake afariki ulikuwa ukikanyagwa na kuku tu, ulikuwa umejaa watu mpaka migombani, wanawake wakimenya ndizi za kupika, ebitoke, masufuria ya kuazima yakitoa mvuke, watoto wakifukuzana. Walipoiona pikipiki na wale wawili juu yake, vigelegele vikapasuka kilima kizima.

"Geuza," Annastella alimnong'oneza Damian.

"Wameshatuona," akajibu.

Annastella akasimama mbele yao akayasema yote, bila kulainisha. Hakuna harusi. Hakuna bwana. Kuna mchezo wa ubao alioubuni mwenyewe, na kadi aliyoiandika kizembe. Mama yake aliketi kwenye mkeka akiangalia mikono yake, ambayo bado ilikuwa na chokaa kwenye kucha.

Mzee Kahangwa, kaka wa marehemu baba yake na mkubwa wa ukoo, aliinuka kwa fimbo yake.

"Kwa hiyo tumechangia ubao."

"Ndiyo, baba."

"Na huyu aliyekula kuku ni nani?"

"Ni dereva, baba."

"Shikamoo mzee," alisema Damian. Hakuitikiwa.

"Nitamrudishia kila mtu chake leo hii," Annastella akasema, akijua boksi linaondoka na maneno hayo. "Mnisamehe."

Ungedhani amemtukana mzee. "Kurudisha?" Mzee Kahangwa alifoka. "Mchango huwa unarudi? Ukinirudishia mchango wangu, umeniambia sina sehemu kwenu. Unanitoa kwenye ukoo wa mdogo wangu, mimi?"

"Hapana, baba."

"Basi sirudishiwi! Lakini na ubao siutaki!"

Wazee wengine wakaitikia kwamba waitu, jamani, ndivyo. Hapo mambo yakakwama kabisa, fedha ikawa haiwezi kurudi na haiwezi kwenda. Mzee Kahangwa alitembea mpaka mwisho wa mkeka akarudi.

"Kilete," akasema mwishowe. "Tukione hicho kilichotuaibisha. Kokuberwa, sogea, shughuli ni yako."

Annastella akautoa ubao wa manila kwenye mkoba aliokuja nao, akautandaza. Vilima vilikuwapo, senene walikuwapo, kadi zilikuwapo. Kete hazikuwapo. Vizibo vya soda vilikuwa vimebaki Kashai kwenye droo. Akatazama huku na huku, akaona kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho huwekwa mbele ya wageni, akachukua punje nne zilizokaushwa vizuri, moja ya kila mtu: Mzee Kahangwa, mama yake, Damian na yeye. Kila mmoja akaweka punje yake kwenye kilima chake.

Mzee alianza kucheza kama anayeshika kitu kwa kijiti. Akafunua kadi, upepo ukavuma kutoka ziwani, senene wakamjia. Akasogea mbele kidogo. Akafunua nyingine, akapata taa kubwa, akawanyang'anya senene wa Damian wote, na fimbo akaiweka chini. "Kumbe na mla kuku huliwa," alisema, na mtu akacheka nyuma ya sufuria. Pipa lake lilikuwa linakaribia kujaa alipofunua ile nyeusi. Umeme umekatika.

Akainama. Akafikiri. Na kama mzee yeyote wa Kamachumu anavyofanya akipatwa na neno zito, tangu alipoanza kukaa na wanaume barazani, mkono wake ulitambaa wenyewe, ukaokota punje iliyo karibu, ukaitia mdomoni. Akatafuna taratibu huku akipiga hesabu.

"Haya, nimeamua," alisema. "Nahama kilima." Akautazama ubao. "Mimi niko wapi?"

Wote waliona, na wote walitazama angani.

"Mzee," alisema Damian kwa heshima zote, "umejitafuna."

Aliyeanza kucheka alikuwa Kokuberwa. Kilianza kicheko cha puani, alichojaribu kukizuia kwa upande wa kanga, kikamshinda, kikamwangusha ubavu kwenye mkeka, na kilipomwangusha yeye kikawachukua wengine wote. Waliokuwa wanamenya ebitoke waliacha visu. Watoto walicheka bila kujua kuna nini. Mzee Kahangwa alijaribu kukasirika mdomo umejaa kahawa, akasema "Nirudisheni!" na hiyo ndiyo iliyommaliza hata yeye.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka aibu. Mzee alipewa punje mpya, akaitafuna hiyo nayo, akapewa nyingine. Watu walipanga foleni ya kucheza. Shangazi wawili ambao hawakuwa wanasalimiana waligombania upepo mpaka wakapatana. Ebitoke vilipoa, vikapashwa, vikapoa tena, na kila mara mtu aliyeshindwa alisikika akidai kwamba hiyo ilikuwa ya kujifunza, ianze upya.

"Hiyo iandike," Kokuberwa alimwambia binti yake akionyesha kikapu. "Mshindi amtafune aliyeshindwa. Iwe sheria."

Jua lilikuwa limeinama kwenye migomba alipofika jirani mmoja aliyechelewa, mkungu wa ndizi kichwani, akihema. Akaangaza uwanja mzima.

"Waitu, mnisamehe kuchelewa," akasema. "Bwana harusi yuko wapi?"

Damian akajificha nyuma ya mgomba. Kila mtu alimtazama Kokuberwa, naye Annastella pia, kwa sababu hili ndilo swali ambalo mama yake ameulizwa kwa miaka mingi, kanisani, kisimani, misibani, na kila mara hulijibu akitazama chini.

Kokuberwa hakutazama chini. "Hakuna bwana harusi," alisema. "Mwanangu amebuni mchezo, nasi tumeuchangia. Shusha mkungu, ukae, utafundishwa."

Jirani akashusha, akasogezewa mkeka. Kokuberwa akaokota kifuniko cha manila ambacho Annastella alikitengeneza cha mfano, akakigeuza, akapitisha kidole ubavuni.

"Jina lako litakaa hapa?"

"Hapo, Mawe."

"Kachapishe. Ila safari hii andika kwa herufi kubwa, nami nikuone." Akauangalia uwanja wake, watu mpaka migombani. "Mume akija, aje. Asipokuja, buni mchezo mwingine. Mimi nilichokuwa nataka ni watu hapa."

Annastella alimkumbatia mama yake hapo hapo kwenye mkeka, nusu akilia nusu akicheka, mpaka senene kadhaa wakaruka ovyo nje ya ubao.

"Niache, ni zamu yangu," alisema Kokuberwa. Akafunua kadi, upepo ulikuwa wa kwake, pipa lake likajaa. Akanyoosha mkono mpaka kilima cha Mzee Kahangwa, akaichukua punje yake na kuitafuna polepole, huku mzee akilalamika kwamba anaumia.